.45 au milimita 9?

Ndugu, unauliza kama bastola ya risasi za .45 (upana wa karibu inchi 0.45) itakulinda nyumbani kuliko ya milimita 9. Tofauti ni ndogo kuliko kelele za wanaobishana. FBI yenyewe, wapelelezi wa Marekani, iliirudia milimita 9: mtikisiko wake mkononi ni mdogo, na magazini (kisanduku cha risasi cha bastola) hubeba risasi nyingi zaidi.

Cha kuangalia ni aina ya risasi. Yenye tundu nchani hutanuka ikigonga mwili na kupoteza kasi. Iliyofunikwa shaba kote hupenya ikatokea upande wa pili. Na hapa Nairobi, katika mitaa mingine ukuta wa jirani ni mabati tu! (Ukikosa shabaha, hata hiyo yenye tundu itayapita.)

Hiyo yenye tundu ijaribu kwanza uwanja wa shabaha, kuna bastola hukwama nayo. Idadi ya risasi unayoruhusiwa kuwa nayo imeandikwa kwenye cheti chako cha silaha.