Siku Niliyoukata Moyo wa Mama wa Watu

Juzi dada mmoja wa mwaka wa 5 wa udaktari aliniandikia: "Daktari, njia ya mkato ya kufika kwenye eko, kile kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, ni ipi?" Nilicheka peke yangu ndani ya matatu ya Rongai, kisha nikanyamaza. Hata mimi niliwahi kuitafuta.

Udaktari miaka 6, mwaka mmoja wa mafunzo kazini, uzamili, kisha ndipo moyo. Hayo unayajua. Kilichonitoa jasho ni probu, kile kifaa cha mkononi kinachowekwa kifuani kuuona moyo.

Siku hiyo nilimlaza mama mmoja ubavu wa kushoto, nikapaka jeli, vyumba vinne vikatokea safi. Nikatangaza kwa sauti kwamba kila pigo linasukuma nje asilimia 65 ya damu ya ventrikali ya kushoto, chumba kinachosukuma damu mwilini. Mwalimu wangu akaninyang'anya probu mbele ya mgonjwa. Akaishusha nafasi moja ya mbavu, akaisogeza kuelekea kwapani, na ule moyo wangu mfupi, wa mviringo, ukarefuka. Ncha yake ilikuwa haichezi hata kidogo. Jibu la kweli lilikaribia 40.

"Umeukata moyo, ncha umeiacha nje ya picha," akasema, "halafu ukausifu."

Wauguzi wakacheka. Mama hakucheka, alinitazama tu. Mpaka leo nikimkumbuka masikio hunipata moto. (Na bado naona angeweza kuniambia nje, mlangoni.)

Basi, ushauri: piga picha za mioyo mizima. Jioni nilibaki nikiwapiga picha za moyo wenzangu, mlinzi, yeyote aliyekubali, mpaka mkono ukajua ncha iko wapi kabla ya macho. Ili kutoa cheti, chama cha Ulaya cha wapiga picha za moyo hudai mtihani pamoja na daftari la wagonjwa 250. Langu lilijaa, na mwezi uliopita nimefaulu. Ndiyo, najisifu kidogo.

Lakini nyinyi mnataka cheti kabla ya mkono! Hapa kwetu atakuja msichana mjamzito anayehema, valvu yake ya mitrali, mlango wa damu kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, imekakamaa kwa sababu ya maumivu ya koo ya utotoni yaliyoleta homa ya baridi yabisi. Ukielekeza dopla yako, kipimo cha kasi ya damu, kombo, mkondo wa damu utaonekana mpole kuliko ulivyo, nawe utamrudisha nyumbani. Piga mioyo mizima, narudia.

Dada, njoo Alhamisi jioni. Ukate kucha, maana probu hushikwa kama kalamu, na wa kwanza kulazwa kitandani ni mimi.