Kabla ya kuamini picha ya wevuleti, pitia rekodi hizi mbili

Akija mtu kutaka kuchambua mitikisiko ya tetemeko kwa wevuleti (wimbi fupi unalolilinganisha na rekodi hatua kwa hatua, upate picha ya mtikisiko upi ulitokea lini), simpi kitabu kwanza. Namwambia atafute rekodi mbili: ya kituo cha kupimia mitikisiko cha SCT, Mexico City, Septemba 19, 1985, na ya kituo cha Rinaldi, tetemeko la Northridge, California, Januari 17, 1994.

Rekodi ya Mexico ipitishe kwanza kwenye Fourier ya kawaida, hesabu inayoonyesha mizunguko iliyomo kwenye rekodi nzima. Utapata kilele kirefu kwenye mzunguko (muda wa yumbo moja kamili) wa sekunde 2, basi. Kilianza lini, kilidumu kiasi gani, hujui. Sasa tumia wevuleti ya Morlet: mkanda wa sekunde 2 unajichora, unaendelea kwa makumi ya sekunde. Kitovu kilikuwa mbali, pwani ya Pasifiki, ila udongo laini wa ziwa la kale chini ya jiji uliyakuza mawimbi ya mzunguko huo na kuyarefusha. Walioumia zaidi ni wenye majengo ya urefu wa kati. Jengo likianza kupasuka, mzunguko wake wa asili hurefuka, likazidi kuzisogelea zile sekunde 2 huku ardhi bado inayumba. Ndiyo maana hilo swali la "lini" si la anasa.

Rinaldi ni kinyume chake. Kituo kilikuwa karibu na ufa uliopasuka, na nguvu nyingi ikafika kwa pigo moja la zaidi kidogo ya sekunde 1. Hapa chambua kasi, si mchapuko. Pigo huonekana wazi kwenye kasi. Morlet nayo iweke kando, ina mawimbi mengi mno ndani yake kwa kitu kifupi hivyo. Mwaka 2007 mtafiti wa matetemeko Jack Baker alitumia wevuleti nyingine, Daubechies ya daraja la 4, kuchomoa mapigo ya aina hii, nami namfuata.

Halafu angalia mhimili wa picha yako. Skeli (kiasi wevuleti ilivyotanuliwa) si mzunguko! Ili kupata mzunguko, kwa Morlet yenye kigezo cha 6 (ndicho huamua wingi wa mawimbi ndani yake), zidisha skeli kwa 1.03, kwa wevuleti iitwayo kofia ya Mexico (haina undugu na tetemeko letu), karibu mara 4. Na kingo za picha usizisome: pale wevuleti imening'inia nje ya data, na kadiri mzunguko unavyorefuka ndivyo eneo bovu linavyopanuka.

Kama unachotaka ni nguvu ya kusanifia nyumba ya kawaida tu, spektra ya mwitikio (grafu ya jinsi majengo ya mizunguko mbalimbali yanavyotikisika kwa upeo) inakutosha. Usijisumbue.