Usiulize kama amekunywa dawa, hesabu vidonge

Mkuu, usimpeleke mzee kijijini. Nimesoma ulichoandika hapo juu: kapata shambulio la moyo, kawekewa stenti (kile kijibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa wa moyo usizibe), ana wiki tatu nyumbani, halali, hataki kuona watu, na ndugu wameshachanga nauli akapumzike shamba "mawazo yamwishe". Unauliza ale nini, atembee kiasi gani, hiyo huzuni ni kawaida au la, na safari ya shamba iwe lini. Safari hiyo ifute. Mimi baba yangu nilimpeleka mwenyewe, nikambebea na begi.

Ilikuwa 2019. Baba ni fundi redio, alikuwa na miaka 61. Kifua kilimbana asubuhi moja, tukakimbia naye, mwisho wa yote akawekewa stenti Dar es Salaam. Aliporuhusiwa tukapewa mfuko wa dawa: aspirini na klopidogreli za kuzuia damu isigande, atovastatini ya kolesteroli, na bisoprololi ya kutuliza mapigo. Tukafundishwa habari za chumvi, mafuta na sigara, vizuri kabisa. Kuhusu kichwa chake hakuna aliyefungua mdomo, wala sisi hatukuuliza.

Wiki ya pili akaanza kunyamaza. Redio za watu zimejaa mezani, hazigusi. Saa tisa usiku unamkuta kakaa kitandani, mkono kifuani, anasikiliza mapigo yake. Akija mgeni anageukia ukutani. Mama akasema ana mawazo, na sisi wote tukaitikia ana mawazo, kana kwamba tukishalitamka hilo neno kazi imekwisha.

Hapo ndipo akaja yule tabibu mstaafu, jirani, mtu tuliyemwamini toka tukiwa wadogo. Akampima presha, akatuita uani, akasema: "Moyo wa mzee umeshazibuliwa. Kilichobaki ni mawazo, na mawazo hayana dawa. Mpelekeni kwao akapumzike." Akaandika na amitriptilini, eti ya usingizi. Bahati mama hakuinunua. Baadaye daktari wa moyo alipoiona ile karatasi alishika kichwa, kwa sababu dawa hiyo huvuruga umeme wa moyo na mtu aliyetoka tu kupata shambulio hapaswi kupewa. Mpaka leo nikikutana na yule mzee njiani namsalimia shikamoo na tumbo linachemka. Mtu ana heshima ya mtaa mzima, neno lake ni kama sheria, halafu anasema kitu asichokijua kwa sauti ya mtu anayejua!

Basi ukoo wa upande wa mama yake, ambao kwetu Waluguru ndio wenye sauti, nao wakasema mtoto wetu arudi nyumbani. Siku ya 22 toka atoke hospitali nikampandisha milimani. Hewa nzuri, mto uko chini pale, ndizi, kimya. Nikarudi mjini kwenye cherehani yangu nimeridhika. Kila jioni nampigia: "Baba, umekunywa dawa?" "Nimekunywa, mwanangu." Sikukosa hata jioni moja, na kila jioni nililala nikijiona mtoto mwema.

Siku ya 49, saa nne usiku, simu. Kifua tena. Mvua, barabara matope, wakamshusha kwa bodaboda kijana mmoja akiwa amemkumbatia kwa nyuma asidondoke. Moyo ukizibwa nyama yake inakufa dakika kwa dakika, na sisi tulitumia saa tatu kufika tu mjini. Nikiwa mapokezi wananiambia nitafute kadi ya bima, nikaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake. Nikatoa paketi za klopidogreli. Tatu hazijaguswa, ya nne ina vidonge vinane, vile vya pinki. Mimi ni fundi cherehani, kuhesabu vifungo ndiyo kazi yangu, nikavihesabu palepale nimesimama. Alipewa 60. Siku 49 zimepita, vilipaswa kubaki 11. Vilikuwapo 38. Maana yake alikunywa 22 akaacha, na siku ya 22 ndiyo siku niliyomwacha kule.

Stenti ilikuwa imeziba kwa damu iliyoganda. Stenti ikiwa mpya, klopidogreli na aspirini ndizo zinazozuia hilo. Mwenye shambulio la moyo kwa kawaida huambiwa azinywe zote mbili kama mwaka mzima. Baba alipona, namshukuru Mungu, lakini kipimo cha eko, ile picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kikaonyesha moyo unasukuma asilimia 30 tu ya damu inayoingia, wakati wa mtu mzima mwenye afya ni 55 na kuendelea. Leo akipanda ngazi sita anakaa.

Nilimuuliza kwa nini alinidanganya. Akajibu: "Sikuwa nakudanganya kwa ubaya. Sikuona nakunywa ili iweje."

Huo mkuu ndio ugonjwa wenyewe, unaitwa sonona, huzuni nzito inayomwondolea mtu hamu ya kila kitu, na hauondoki kwa hewa ya mlimani. Kwenye benchi la wadi nilisoma mpaka simu ikazima. Karibu mtu 1 kati ya 5 waliopata shambulio la moyo hupata sonona kali. Mwaka 1993 watafiti wa Montreal, Kanada, walitoa matokeo ya wagonjwa 222 waliofuatiliwa miezi 6 baada ya shambulio: wenye sonona walikufa zaidi kuliko wenzao kwa tofauti kubwa. Mwaka 2014 Chama cha Moyo cha Marekani kikatangaza wazi kwamba sonona ni kihatarishi kwa mtu aliyetoka kwenye shambulio. Homoni za hofu zinakimbiza mapigo na kupandisha presha, damu inaganda kirahisi zaidi, usingizi hakuna, na juu ya yote hayo mtu anaacha dawa kimyakimya. Kwa hiyo ukiniuliza kama ni kawaida, ndiyo, inawapata wengi. Presha nayo inawapata wengi, na hatusemi itapita yenyewe.

Aliyetuokoa ni daktari kijana wa wadini. Alivuta kiti, akakaa chini ya usawa wa macho ya mzee, akamuuliza kama wiki mbili zile alikuwa na hamu ya vitu alivyozoea kuvipenda, na kama alijiona mnyonge au amekata tamaa. Maswali mawili tu. Baba akatazama ukuta muda mrefu, akasema, "Redio sijaiwasha toka nitoke hospitali." Akalia. Miaka yote sijawahi kumwona analia. Nilikuwa nimempigia jioni 27 na sikuwahi kumuuliza hivyo hata mara moja.

Akaanzishiwa setralini, dawa ya sonona ambayo ilijaribiwa kwa wagonjwa wa moyo na mwaka 2002 ikaonekana haiuumizi moyo, na akapangiwa mtu wa ushauri nasaha. Usiende kuinunua duka la dawa mwenyewe, maana ikikutana na aspirini na klopidogreli damu inaweza kuvuja kirahisi. Aipange daktari anayejua dawa zake zote. Wala haifanyi kazi kwa siku mbili. Kwa baba ilikuwa wiki ya tano ndipo nikasikia taarifa ya habari kutoka chumbani kwake.

Wewe fanya hivi. Dawa zikae kwako au kwa mama, mzee apewe mkononi na anywe mnaona. Kila Jumapili hesabu vidonge, kimoja kimoja, uandike kwenye daftari. Mtu aliyekata tamaa atakujibu "nimekunywa" ili umwache, na sauti yake itakuwa ileile ya siku zote. Akikasirika kuhesabiwa, akasirike. Kliniki tanguliza daftari, useme kabla daktari hajaanza kuandika: halali, hataki watu, hana hamu, toka tarehe fulani. Usingoje uulizwe. Akitamka kwamba bora afe, mpeleke siku hiyohiyo na usimwache peke yake. Na kifua kikibana tena msiseme ni mawazo. Kimbieni hospitali, wao ndio waseme si moyo.

Hao ndugu waliochanga nauli waambie iwe ya kwenda kliniki kesho kutwa, na anayetaka kumwona aje mjini.

Ila usingoje hiyo kesho kutwa. Usiku huu, akishalala, chukua paketi zake. Angalia alipewa vingapi, toa siku alizokaa nyumbani, uone kama vilivyobaki vinalingana. Anza na klopidogreli. Halafu rudi hapa uniandikie umekuta vingapi, nipo macho.