Mira Nair ni wa kwetu, kwa sharti moja

Mhariri, wiki hii mmeuliza iwapo Mira Nair, mzaliwa wa India ambaye kazi zake zimetapakaa India, Marekani na Uganda, ahesabiwe miongoni mwa watengeneza filamu wa Afrika Mashariki. Nilipokaa kuandika, jibu langu lilikuwa hapana, na sababu ilikuwa Mississippi Masala ya mwaka 1991. Filamu hiyo inaanzia Kampala mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wameondoka, kisha inamfuata binti wa familia moja iliyofukuzwa hadi Marekani, anakopendana na kijana mweusi wa huko. Mama wa binti huyo anateremshwa basini na askari, na hofu yake unaiona waziwazi. Lakini mwanamke Mganda, aliyebaki na Amin kwa miaka saba zaidi, simkumbuki akipewa nafasi ya kusema lake.

Sasa, Queen of Katwe ya mwaka 2016 ni habari nyingine. Inamhusu Phiona Mutesi, msichana muuza mahindi aliyeinukia katika sataranji, na mama yake Harriet, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o. Niliitazama hapa Mwanza pamoja na shangazi yangu, ambaye alisomesha watoto wake kwa mahindi ya kuchoma. Shangazi amezoea filamu zinazotafsiriwa na madijei wetu, na hii ilikuwa ya Kiingereza, hivyo mwanangu alikaa ubavuni pake akimfasiria, kila mara akiwa nyuma kwa sentensi mbili, mpaka akaambiwa anyamaze. Shangazi alikuwa akiangalia shingo na mikono. Alisema beseni la mahindi hubebwa wima kichwani namna ile asubuhi tu, likiwa limejaa. Ikifika jioni mtu hulikwapua ubavuni. Harriet na wanawe walipofukuzwa na mwenye nyumba, alitaka tusimamishe filamu, akatusimulia mwenye nyumba wake wa zamani, aliyechoka kudai kodi akang'oa mlango na kuondoka nao, na jinsi alivyotundika kanga mlangoni na kukesha ameketi nyuma yake. Mahindi hayakumsubiri, kulipokucha alikwenda sokoni, akamwacha binti yake mkubwa alinde kanga. Chai ilipoa. Alipouliza filamu ni ya nani nikamweleza, alisema, "Mhindi gani huyo anayejua mambo ya kodi?" Nikamwambia kwamba mume wa Nair, Mahmood Mamdani, ni Mganda, na kwamba wana nyumba Kampala. "Basi ni jirani," akasema, akaagiza tuendelee.

Najua hamkuuliza ni nani anayewatazama mama zetu kwa makini, lakini mimi ndilo swali ninaloweza kulijibu. Kati ya filamu hizo mbili imepita miaka 25, na katikati yake, mwaka 2004, Nair alianzisha Maisha Film Lab mjini Kampala, wanakofundishwa vijana wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda kuandika na kuongoza filamu. Hilo ni zito kwangu kuliko Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, aliyoipata mwaka 2001 kwa Monsoon Wedding. Hata hivyo Queen of Katwe ni mali ya Disney, na fedha za Disney ndizo huamua lugha ambayo Harriet ataitumia kugombana na binti yake.

Mkinibana nipige kura, andikeni ndiyo, ilimradi ndiyo hiyo isitumike kuziba nafasi ya wasichana waliopita Maisha na bado wanatafuta mtu wa kuwagharamia filamu ya kwanza.