Kwinini, magnesiamu au gabapentini kwa misuli inayokaza usiku?

Mkuu, umesema bi mkubwa wako, miaka 67, misuli ya miguu inamkaza usiku mpaka anapiga kelele, na watu wamemtajia dawa tatu: kwinini, magnesiamu na gabapentini. Tatizo hili ninalo miaka mingi na zote tatu nimezimeza, hivyo naongea kwa nilichokiona.

Kwinini ndiyo yenye ubishi. Inafanya kazi, hilo silipingi. Nilikuwa nameza miligramu 300 wakati wa kulala, na zile usiku za kukurupuka nimeshika shavu la mguu zikapungua. Zikapungua tu, hazikuisha, na tafiti nazo zinasema hivyo hivyo: ukilinganisha na kidonge kisicho na dawa, inapunguza mikazo kwa kama robo. Kilichonitoa ni masikio. Yalilia usiku kucha kama yana nyenje ndani, mchana nikawa namwambia kila mtu arudie alichosema. Na hayo ndiyo madhara mepesi. Mazito ni kushuka ghafla kwa chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, mtu akaanza kutoka damu, au mapigo ya moyo kuvurugika. Hili la damu halijali udogo wa dozi. Marekani walizuia isiuzwe bila cheti cha daktari kwa ajili ya misuli tangu 1994, na leo kule imeidhinishwa kwa malaria tu. Uingereza bado wanaiandika, ila mwisho kabisa, njia nyingine zikishindwa: mgonjwa anajaribu wiki 4, asipopata nafuu anaacha. Kwa umri wa bi mkubwa, mimi nisingeanzia hapo, na kama ana shida ya moyo nisingeigusa.

Magnesiamu inapendwa kwa sababu inaonekana haina makali. Kwa wazee, tafiti hazikuona tofauti ya maana kati yake na kidonge kitupu. Mimi iliniharisha, basi. Vipimo vikionyesha kweli ana upungufu hiyo ni habari nyingine, na mwenye figo dhaifu asijimezee tu.

Gabapentini, dawa ya kifafa na maumivu ya neva, ilinipa kizunguzungu mpaka mchana. Mama wa miaka 67 anayeamka gizani kwenda chooni, akianguka akavunja nyonga, utaikumbuka misuli kwa hamu. Ushahidi wake kwenye tatizo hili ni hafifu, sioni sababu ya kubahatisha.

Kuna pia vitamini K2. Utafiti wa China uliochapishwa 2024, wazee karibu 200, ulionyesha mikazo ikishuka mpaka chini ya mmoja kwa wiki. Unavutia, ila ni utafiti mmoja, nasubiri mwingine. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiguse bila daktari wake kujua. Panadoli na diklofenaki sahau: msuli unaachia kabla dawa haijafika kwenye damu.

Sasa nikuulize mimi: bi mkubwa anatumia dawa gani nyingine? Maana nafuu yangu kubwa ilitokana na kuondolewa dawa, wala si kuongezewa. Nilikuwa kwenye kidonge cha presha cha kukojoza, jamii ya thiazaidi. Daktari akapima potasiamu, madini ambayo kidonge hicho huyapunguza mwilini, akanibadilishia, na usiku ukatulia kuliko nilipokuwa kwenye kwinini. Vipulizio vya pumu vya kazi ndefu navyo vinatajwa kuleta mikazo, na dawa za kolesteroli pia. Asiache chochote mwenyewe, hasa cha presha. Atie vidonge vyote kwenye mfuko, hata vile vya kununua bila cheti, avimwage mezani kwa daktari.

Wakati anasubiri miadi, kabla ya kulala akae kitandani mguu umenyooka, apitishe taulo chini ya unyayo avute vidole kuelekea kwake, goti lisikunjike, ashikilie sekunde 10, aachie, arudie mara tatu kila mguu. Utafiti wa Uholanzi wa 2012 kwa watu 80 wa zaidi ya miaka 55 ulikuta kunyoosha hivi kila usiku kwa wiki 6 kunapunguza mikazo na maumivu yake. Msuli ukikaza katikati ya usiku, avute vivyo hivyo.

Ila kama ni mguu mmoja tu na umevimba, au unapoteza nguvu na misuli inapungua, asisubiri miadi. Mpeleke siku hiyo hiyo.