Paris au Amsterdam? Tatizo lenu ni "ubalozi laini"

SWALI

Kaka, habari za kazi. Mimi na mume wangu tunatimiza miaka kumi na tano ya ndoa Mei mwakani, na tumejiwekea akiba ya safari ya siku kumi Ulaya. Kwenye mji hatuelewani. Yeye amefanya kazi miaka mingi kwenye shamba la maua huku Usa River, anataka Amsterdam akaone maua yake yanaishia wapi. Mimi nataka Paris, sina sababu kubwa, naitaka tu. Ndege tuliyoiona inaondoka KIA na kutua Amsterdam. Sasa kuna kijana hapa Arusha anashughulikia viza. Anasema tusiombe Uholanzi wala Ufaransa, kote wanabana. Atatupitishia ubalozi wa nchi nyingine ambao ni laini, tukishafika tutazunguka tunakotaka kwa kuwa viza ni moja. Anataka laki nane kwa kila mtu, na hoteli za kuonyesha ubalozini anatengeneza mwenyewe. Pasipoti tumeshampa. Je, kati ya Paris na Amsterdam tuchague upi?

Msomaji, Arusha

JIBU

Dada, nendeni kote kuwili. Kati ya Amsterdam na Paris kuna treni ya moja kwa moja, saa tatu na dakika ishirini hivi, inapita Brussels na kuwashusha stesheni ya Gare du Nord, Paris mjini kabisa. Kwa siku kumi mnazo nafasi za wote wawili, hamna haja ya kugombana.

Amsterdam siku tatu zinatosha. Mji ni mdogo, mnaumaliza kwa miguu, na kulala pale ni ghali. Tangu 2024 manispaa inatoza kodi ya watalii asilimia 12.5 ya bei ya chumba, na wageni wengi wanakutana nayo kaunta wakiwa wameshachoka na safari. Chumba cha euro 160 kinaongezeka euro 20 kila siku mnayolala. Wateja wangu wenye bajeti ya kubana nawalaza Haarlem, robo saa tu kwa treni. Bwana mwambie aende Aalsmeer kwenye mnada wa maua. Ni shughuli ya asubuhi, siku za kazi tu. Wageni wanapita juu kwenye ujia, chini vitoroli vya maua vinapishana kama daladala za Kilombero. Awahi, akichelewa atakuta sakafu inafagiliwa. Kama ana hamu pia ya bustani ya Keukenhof, ile ya tulipu, hufungwa katikati ya Mei, kwa hiyo msafiri mwanzoni mwa mwezi. Nyumba ya Anne Frank, yule msichana wa Kiyahudi aliyeandika shajara akiwa amejificha humo wakati wa Wanazi, tiketi zake zinauzwa mtandaoni tu, kila Jumanne, kwa ajili ya wiki sita mbele. Hapo mlangoni hakuna cha kubembeleza.

Paris mpe siku sita. Makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne, na tarehe 1 Mei pia hufungwa. Kanisa la Notre-Dame liliungua Aprili 2019, likafunguliwa tena Desemba 2024, na kuingia ni bure. Mengine utayaona mwenyewe, hata hiyo "naitaka tu" ni sababu nzuri. Tiketi ya ndege kateni ya kuingilia Amsterdam na kutokea Paris. Air France na KLM ziko chini ya kampuni mama moja tangu 2004, hivyo hilo linawezekana ndani ya tiketi moja na hamtarudia njia ya treni.

Kwa mpango huo viza mnaomba Ufaransa.

Najua hapo umesita, maana ndege inatua kwa Waholanzi. Hili naulizwa kila siku ya Mungu. Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya, Na. 810 ya 2009, inasema maombi yanapelekwa kwa nchi ambayo ndiyo safari yenyewe, kwa kuhesabu siku za kukaa au kwa kutazama shughuli inayokupeleka. Mlango wa kuingilia unaangaliwa tu pale ambapo nchi kuu haijulikani, kwa mfano mkigawa siku tano kwa tano. Hata fomu yenyewe ina visehemu viwili tofauti: kimoja cha nchi ya safari kuu, kingine cha nchi ya kwanza kuingia. Kwenu cha kwanza ni Ufaransa, cha pili ni Uholanzi, na hakuna ofisa atakayeshangaa. Mkigeuza, Amsterdam sita na Paris tatu, basi mnaomba Uholanzi. Haarlem nayo ni Uholanzi, siku zake zinahesabiwa humohumo.

Na ukikosea hapa kwa nia njema hakuna msiba. Kanuni hiyohiyo inautaka ubalozi usiohusika ukurudishie fomu na nyaraka zako pamoja na ada, na ukuelekeze unapotakiwa kwenda. Unapoteza muda, basi.

Kishoka, huyo kijana wenu wa viza, anakuambia kitu kingine kabisa, na ujanja wake uko hapa: anaanza na ukweli. Ni kweli viza ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja, ni moja kwa nchi 29. Ni kweli ukishaipata kihalali unaweza kuingilia nchi yoyote kati ya hizo na kutokea nyingine. Akishakuona unatikisa kichwa, anachomeka la kwake, kwamba kwa hiyo haijalishi uliiomba wapi na ulisema unakwenda kufanya nini. Inajalisha. Ili upite kwenye huo "ubalozi laini", lazima useme unakwenda nchi ambayo huendi, uonyeshe hoteli ambayo hutalala, na utie saini chini ya maneno yanayosema kila ulichojaza ni kweli. Saini ni yako wewe. Fomu ina mpaka sehemu ya kuandika jina la aliyekusaidia kuijaza. Miaka yote niliyokaa kwenye kazi hii sijaona kishoka hata mmoja aliyeandika lake.

Alikuja mzee mmoja ofisini kwangu na mkewe, karatasi ya kunyimwa viza wameikunja mara nne, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Walikuwa wanakwenda kumuona mjukuu, amezaliwa Sweden, binti yao anaishi na kufanya kazi huko. Safari safi, kila kitu kiko wazi. Kishoka akawaambia Sweden wagumu, akawapitisha nchi ya upande mwingine kabisa wa Ulaya, kwa hoteli ya kuungaunga. Ubalozi ukampigia mzee simu, ukamuuliza mnakwenda kuona nini. Mzee wa watu, mkweli, akajibu: mjukuu. Akaulizwa mjukuu yuko mji gani. Akautaja, mji wa Sweden. Akaulizwa basi hii hoteli ni ya nini, hakuwa hata na uwezo wa kulitamka jina lake.

Kwenye ile karatasi kisanduku kilichotiwa alama kilikuwa kile cha maelezo ya safari kutoaminika. Nikaipitia hoteli yenyewe. Namba ya nafasi niliyoiona pale nilikuwa nimeshaiona wiki mbili kabla kwenye nyaraka za kijana mwingine aliyeletwa kwangu na dada yake. Hoteli moja, namba moja, watu wasiojuana. Kishoka alikuwa anabadilisha majina tu.

Tulianza upya, Sweden, kwa barua ya mwaliko ya binti na barua ya maelezo ya kurasa mbili tukikiri lililotokea. Walipewa. Lakini walipofika mjukuu alikuwa ameshaanza kutembea.

Ilibidi tukiri, kwa sababu hakuna cha kuficha. Maombi yote ya Schengen yanaingia kwenye mfumo mmoja wa kumbukumbu, pamoja na picha na alama za vidole, na hukaa humo hadi miaka mitano. Ukinyimwa na mmoja, wengine wote wanaona ulinyimwa lini na kwa sababu gani. Vijana wanaokuja kuniambia "nimenyimwa kule ngoja nijaribu kwa wengine" hudhani balozi hizi ni maduka ya Kariakoo, ukishindwana bei hapa unavuka barabara. Ni duka moja hilo, milango tu ndiyo mingi. Na zipo nchi zisizo na ubalozi kwetu ambazo maombi yao hupokelewa na ubalozi wa nchi nyingine. Nimeshaona mtu akikimbia ubalozi fulani kwa ugumu wake, kishoka akamzungusha, akajikuta karatasi zake ziko mezani kwa walewale.

Huo ulaini wenyewe unatoka wapi? Tume ya Ulaya huchapisha kila mwaka takwimu za viza, ubalozi kwa ubalozi, waliopewa na walionyimwa. Vishoka wanazisoma kama mkeka wa kubeti. Wakiona ubalozi fulani umenyima wachache, wanautangaza kuwa laini. Hawajiulizi waliokwenda pale ni akina nani. Ubalozi unaopokea maombi machache ya wajumbe wa mikutano na wafanyabiashara waliozoeleka utanyima wachache, ndivyo ilivyo. Siku watakapomiminika watu wenye hoteli za kuchora, asilimia itapanda, na kishoka atahamia kwingine. Wewe utabaki na rekodi.

Tuseme mmepenya na viza mmepata. Mnatua Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, viza imetolewa na nchi ya tatu, ofisa wa mpakani anauliza swali jepesi kuliko yote: leo mnalala wapi? Mkisema Amsterdam kisha Paris, anafungua pasipoti tena. Akiridhika kwamba mlipata viza kwa udanganyifu, ana mamlaka ya kuifuta palepale. Kishoka wakati huo yuko Arusha anakunywa chai kwa laki nane zenu mbili.

Kisha kuna salio la kuazima, ambalo hukuliuliza lakini nina hakika huyo kijana atawafikisha huko. Atasema akaunti yenu ni nyembamba, kuna mtu wa kuwawekea milioni thelathini kwa siku tatu, kwa malipo kidogo. Msithubutu. Ofisa anasoma miezi kadhaa ya akaunti: mshahara unaingia lini, ada za shule zinatoka lini, mnabaki na nini. Milioni thelathini iliyodondoka wiki ya maombi inang'aa kama taa ya pikipiki usiku. Na wala hamuihitaji. Kigezo cha Ufaransa kwa mgeni mwenye hoteli ni euro 65 kwa siku. Watu wawili kwa siku kumi ni euro 1,300, ambazo kwa akiba mliyojiwekea sidhani kama zinawashinda. Mchanganuo wa mshahara wa mumeo, barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo na kwamba anarudi kazini, cheti cha ndoa, na leseni ya biashara kama una duka, vinawasaidia kuliko milioni za mtu. Watoto wanaobaki shuleni nao ni sababu ya kurudi, wekeni barua ya shule. Watu huona aibu kuweka vitu vya kawaida kama hivi, wakaenda kununua vya bandia vinavyong'aa.

Hoteli wekeni ya kweli, ile inayokubali kughairi bila gharama, na msiighairi siku mnayotoka ubalozini, maana hukaguliwa. Bima ya safari iwe na kiwango kisichopungua euro 30,000 na ifanye kazi nchi zote za Schengen. Ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima, na hairudi ukinyimwa. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Kwa Mei, dirisha lenu linafunguka Novemba. Nendeni Januari au Februari, msingoje Aprili. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini wanaruhusiwa kufika 45. Pasipoti ziwe na kurasa mbili tupu, na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya. Kwenye treni ya Paris kaeni nazo mkononi, siku hizi kuna ukaguzi wa hapa na pale mpakani.

Mtu akikuambia "viza ya uhakika", nyanyuka uondoke. Mimi nina leseni, nina ofisi, na sina uhakika huo. Anayeamua ni ofisa nisiyemjua, na kazi yangu ni kuhakikisha anachokisoma ni kweli na kimepangika. Nikikosea, mteja anajua pa kunikuta. Huyo kijana muulize ofisi yake iko wapi na leseni ya nani, halafu msikilize atakavyoanza kuzunguka.

Ila kabla ya yote hayo, pasipoti. Zifuateni leo, wote wawili, si kwa simu. Kama mmeshasaini fomu yoyote, hata tupu, idaini nayo. Akisema ziko Dar kwa mtu wake, muulize mtu gani na wapi, na mumpe mpaka kesho asubuhi. Asipozileta nendeni polisi mkatoe taarifa, kisha Uhamiaji. Hela mliyotanguliza kama ipo mtaidai baadaye.