Unataka kuandika na kuongoza filamu? Anzia kwenye kontinyuiti

Mdogo wangu umeuliza usome chuo kwanza ndo uanze kuandika na kuongoza filamu au uingie tu kazini, na umesema nyumbani wanakutaka uhasibu. Ya uhasibu malizana na wazee, mimi nakujibu ya filamu maana ndo inayonilisha hapa Dar, naandika tamthilia za tivii na filamu fupi nimeongoza kadhaa.

Chuo ni kizuri kama ada ipo. TaSUBa pale Bagamoyo wako kwenye sanaa tangu 1981 kikiitwa Chuo cha Sanaa, na Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nako wanafundisha. Ila usome usisome, tafuta kazi ya kontinyuiti. Vijana wote wanagombania kamera, hii hakuna anayeigombania, na kwa mtu anayetaka kuandika na kuongoza sijaona shule inayoizidi. Unakaa ubavuni kwa dairekta na skripti mkononi unaandika kila shoti, kikombe kilishikwa mkono gani, kanga ilifungwaje, saa ya ukutani inasema ngapi, mwigizaji karuka neno gani, kwa sababu sini ya mtu kuingia mlangoni mnashuti leo na ya yeye kutoka nje mnashuti wiki ijayo na vyote vinatakiwa vifanane. Ukifanya hivyo mwezi mzima unaanza kuona kwa macho yako ni wapi skripti inazidi maneno.

Kuna sini moja tulishuti, mume kaachishwa kazi hajasema, mke keshajua. Kwenye skripti mke alipewa nusu ukurasa wa kulalamika, tukarudia weee haiji, mpaka yule mama mwigizaji akamwambia dairekta "mwanangu niache nipakue tu". Akapakua ugali, minofu yote ya samaki akawawekea watoto, mumewe akamwekea mchuzi na mkia, akamnawisha mikono, akakaa. Mume akaitazama ile sahani akainama. Imeisha, na pale seti hakuna aliyekohoa. Mimi sasa hivi kabla sijamwandikia mtu neno la kusema najiuliza kwanza mikono yake inafanya nini.

Na andika kitu kinachoshutika. Ukiandika "usiku, barabarani, mvua" kwako ni mstari mmoja, kwa prodyuza ni jenereta, taa, boza la maji na watu wa kuzuia bodaboda, bado hujaongelea kibali cha Bodi ya Filamu. Hata nyumba ya bati ikinyesha mvua ya kweli sauti yote imekwenda mnakaa mnasubiri. Anza na filamu fupi, kurasa kumi hivi, ukurasa mmoja kwa kawaida unatoka kama dakika moja ya filamu, nyumba moja watu wawili watatu basi. Programu za kuandikia skripti za bure zipo, usiandike kwenye notipadi ya simu ukategemea prodyuza aisome.

Andika Kiswahili pia, hili nalisema kwa moyo wote maana kuna wanaodhani tamasha kubwa linataka Kiingereza. Filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, watu wanaongea Kiswahili mle ndani, na 2021 ilioneshwa tamasha la filamu la Toronto, Kanada. Hapa nyumbani kuna tamasha la filamu la ZIFF, Zanzibar, nenda hata kama huna filamu, kaa Ngome Kongwe uangalie kazi za wenzako na usikilize watu wanacheka wapi.

Hela sasa. Tamthilia wengi wanalipa kwa episodi, kwa hiyo mkataba useme wazi unalipwa lini, jina lako litatokea wapi, na wakiongeza msimu wa pili wewe unapata nini, usitume skripti nzima kabla ya hapo, mpe prodyuza muhtasari wa ukurasa mmoja tu. Na kazi yako kaisajili COSOTA, wale wa hakimiliki.

Sema uko mkoa gani. Kama uko Dar au Bagamoyo njoo inbox nikuunganishe na watu wa kontinyuiti ninaofanya nao kazi, huwa wanahitaji msaidizi.